Dawa za Akili na Siku za Mwezi za Wake Zetu
(Maneno aliyosema mwanachama wa yadi mbele ya mkutano wa tawi)

Katibu aliniomba niseme juu ya afya nyumbani. Najua wengi mlidhani nitasema juu ya malaria. Leo nitasema jambo ambalo wanaume hatulisemi, nalo ni damu ya mwezi ya wake zetu na dawa za ugonjwa wa akili. Kijana aliye pale nyuma anacheka. Acheke tu, lakini asitoke nje.

Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, tukafunzwa hesabu na maandiko. Habari za mwili wa mama hatukuambiwa hata neno moja. Kazi yangu mnaijua, ni kufunga na kufungua mabehewa. Haya nitakayosema nimeyapata kwa mateso, halafu nikayauliza kwa wenye elimu mpaka nikaelewa. Tena mke wangu ameniruhusu kuyasema. Nisingethubutu bila ruhusa yake.

Mwaka wa 2019 mke wangu aliugua. Hakulala usiku, akasikia sauti za watu wasiokuwapo, akasema jirani wanatia sumu katika maji. Wazee walitaka apelekwe kwa mganga. Dada yangu alikataa, tukampeleka hospitali. Alipewa vidonge viitwavyo risperidoni, na baada ya majuma machache akatulia. Akarudi kuuza mboga zake, akapika, akacheka na watoto. Nilimshukuru Mungu.

Basi mimi nikatumwa kazi mbali karibu miezi mitatu. Niliporudi nikakuta mambo mawili. La kwanza, hakuwa ameona siku zake tangu nilipoondoka. La pili, gauni lake lilikuwa na alama za maziwa kifuani, na mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka sita. Ndugu zangu, ninyi ni wanaume. Mnajua nilifikiri nini. Nilihesabu siku kama karani anavyohesabu mabehewa, na hesabu haikukubali. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Aliapa kwa watoto wake, sikumwamini.

Yeye mwenyewe alikuwa anajua kwamba mambo hayo yalianza baada ya vidonge. Akaona kwamba dawa ndiyo inayomfanya aitwe malaya, akaitupa chooni, wala hakuniambia. Haukupita mwezi wa pili, usiku mmoja walinzi wakamkuta anatembea kati ya reli, miguu mitupu, na gari la mizigo lilikuwa limekwisha kutoka steshini ya nyuma. Walimwondoa kwa nguvu. Mimi nilikuwa kazini usiku ule ule, katika yadi ile ile.

Hospitali ya kwanza sitaitaja. Walitupa dawa, hawakutupa maneno. Katika hospitali ya pili mama mmoja muuguzi alimwuliza mke wangu mbele yangu: Je, siku zako za mwezi zinakuja? Maziwa yanatoka? Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuuliza. Akapimwa mimba, hakuna. Akapimwa damu, ikaonekana kitu kiitwacho prolaktini kimepanda sana. Hapo ndipo nikaelezwa, nami nitawaeleza kwa lugha ya yadi.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Tezi hiyo hutoa prolaktini, ambayo kazi yake ni kuamuru matiti yatengeneze maziwa mama akizaa. Siku nyingine zote tezi hiyo imefungwa breki. Breki yenyewe ni dopamini, inayotoka katika ubongo. Sasa, katika ugonjwa kama ule wa mke wangu dopamini hufanya kazi kupita kiasi mahali fulani katika ubongo, ndiyo mtu husikia sauti. Dawa huzuia dopamini, sauti zikapungua. Lakini dawa haichagui mahali. Huzuia na ile iliyokuwa breki ya tezi. Ninyi mnajua behewa likiachwa mteremkoni bila breki. Prolaktini huondoka yenyewe, maziwa yakaja bila mtoto. Tena prolaktini ikizidi hunyamazisha amri zinazokwenda kwenye mayai ya mama, basi yai haliivi, na damu ya mwezi huchelewa au hukoma kabisa. Ndiyo sababu mama anayenyonyesha hukaa miezi bila kuona siku zake. Mwili umedanganywa kwamba kuna mtoto anayenyonya.

Katika maabara nyingi kipimo cha mama asiye na mimba hakizidi 25 hivi. Mwenye kutumia risperidoni aweza kupita 100. Haloperidoli nayo hupandisha, na sindano ya flufenazini inayochomwa kila majuma machache, na klopromazini pia, ile dawa ya zamani iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili kule Paris mwaka wa 1952. Ziko nyingine zisizogusa sana breki hiyo, kama kwetiapini na aripiprazoli. Mke wangu alihamishiwa aripiprazoli polepole, huku ile ya kwanza ikipunguzwa, wala si kwa siku moja. Baada ya miezi miwili na nusu akaniita chumbani, akaniambia siku zake zimerudi. Nilikaa kitandani nikalia. Sikujua kwamba mwanaume aweza kulia kwa habari kama hiyo.

Mtu ataniuliza, kama damu imekoma kuna hasara gani, si amepumzika? Nami niliuliza hivyo. Nikajibiwa kwamba ikikoma kwa muda mrefu kwa sababu hii, homoni ya kike hupungua, na mifupa hudhoofika kidogo kidogo bila maumivu, mpaka siku ya kuanguka. Na mtu asiseme kwamba kwa kuwa haoni siku zake hawezi kushika mimba. Yai hutangulia, damu hufuata. Mama aliyebadilishiwa dawa aweza kushika mimba kabla hajaona damu hata mara moja.

Dawa nyingine nitazipita upesi. Lithiamu yaweza kulegeza tezi ya shingo, na tezi hiyo ikilegea damu ya mwezi huweza kuwa nyingi au kupotea njia. Kabamazepini hupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi na vya kijiti cha mkononi, basi mama hujiona yu salama kumbe sivyo. Lakini hii ya valproeti naomba msikilize vizuri, maana hutumiwa hata kwa kifafa. Yaweza kuvuruga siku za mwezi, na akishika mimba akiitumia, yapata mtoto mmoja katika kila kumi huzaliwa na kasoro ya mwili, na wengi zaidi huchelewa kujifunza. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu yake kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Mwenye mke au binti anayeitumia aende kwa daktari kuuliza, lakini asiiache kwa ghafula. Kifafa kikirudi kwa nguvu chaweza kuua.

Wala si kila damu inayokoma ni ya dawa. Mimba ipimwe kwanza. Kukonda sana na hofu kubwa pia huzuia. Na kama kichwa kinauma siku zote na macho hayaoni vizuri pembeni, asingoje tarehe ya kliniki, maana tezi ile ndogo yenyewe yaweza kuwa na uvimbe.

Mke wangu sasa anaandika katika daftari la watoto tarehe ya kila mwezi na jina la kidonge, na kliniki hulionyesha daftari kabla ya kusema neno. Siku hizi mimi humsindikiza. Nimemwomba Katibu atuombee kwa wakubwa ruhusa ya nusu siku kwa mtu anayempeleka mgonjwa wa akili kliniki, maana mwezi wa tatu nilikatwa mshahara kwa sababu hiyo. Naona anaandika.

Nimekwisha. Mwenye swali na aulize sasa, na mwenye haya aje yadini. Juma hili niko zamu ya usiku.