Mashine nayo yahitaji maelezo yanayoeleweka

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kazi ndogo ya uandishi inayozidi kuwa na uzito: kuandika maelezo ya zana zinazotumiwa na mawakala wa akili mnemba.

Wakala ni nini? Programu ya mazungumzo kama ChatGPT, ilipotolewa Novemba 2022, ilijibu maswali kwa maneno tu. Wakala hutenda. Ukimwagiza akutumie fedha, huchagua mwenyewe zana inayofaa, huitumia, husoma matokeo, kisha huamua hatua inayofuata. Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwapa watengenezaji wa programu njia rasmi ya kuunganisha modeli zake na zana za namna hiyo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic nayo ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ili zana moja iweze kutumiwa na mawakala wa aina mbalimbali.

Jambo la msingi ni kwamba, kwa kawaida, wakala haoni kilichomo ndani ya zana. Huona jina lake, maelezo mafupi, na orodha ya taarifa zinazotakiwa ili ifanye kazi. Sisi wa redio twaijua hali hiyo. Msikilizaji haioni ramani iliyo mbele yetu. Anachokijua ni kile tulichomwambia. Ila msikilizaji asipoelewa hubaki na shaka yake, ilhali wakala mara nyingi hukisia na kuendelea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya kutuma fedha imetengeneza zana, ikaieleza kwa maneno mawili: "Hutuma pesa." Mteja aliyeko Muscat anamwagiza wakala: "Mpelekee mama shilingi elfu hamsini kesho saa tatu asubuhi."

Shilingi zipi? Kenya, Tanzania, Uganda na Somalia zote zina shilingi, na thamani zake zinatofautiana mno. Saa tatu ipi? Kwa hesabu ya Waswahili asubuhi hiyo ni 9:00, lakini mashine iliyozoea saa za Kizungu yaweza kuandika 3:00, yaani saa tisa za usiku. Je, ni kwa saa za Muscat au za Mombasa, iliyo nyuma kwa saa moja? Na tarehe ikiandikwa 03/04, Mmarekani ataisoma 4 Machi, Mwingereza ataisoma 3 Aprili.

Maelezo bora yangesema hivi: "Hutuma fedha kutoka akaunti ya mteja kwenda simu ya mpokeaji. Taja sarafu: KES, TZS au UGX. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24, kwa saa za nchi ya mpokeaji. Zana hii isitumiwe kuuliza salio. Kwa hilo ipo nyingine. Fedha zikishatumwa hazirudi. Sarafu isipotajwa, muulize mteja kwanza."

Sentensi hizo ni chache, lakini zimeeleza zana inafanya nini, ijazwe vipi, isitumiwe lini, na kosa lina gharama gani.

Wanaodhani hayo ni mambo madogo wakumbuke chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichopotea Septemba 1999 kilipowasili kwenye sayari ya Mars. Programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na waliozipokea wakazichukulia kuwa za mfumo wa metriki. Namba zilikuwepo, kilichokosekana ni makubaliano juu ya maana yake.

Hata hivyo, maelezo si kufuli. Wakala anaweza kuyasoma na bado akakosea, hivyo ruhusa ya kutuma fedha lazima izuiwe ndani ya programu yenyewe hadi mteja athibitishe. Tena, kwa kuwa wakala huyaamini maelezo anayopewa, mtu mwenye nia mbaya aweza kuficha humo maagizo yake. Zana ya mgeni ikaguliwe kabla ya kuunganishwa.

Ipo njia rahisi ya kuyapima maelezo. Mpe mtu asiyehusika na utengenezaji wa zana, pamoja na maombi halisi ya wateja, umwombe aeleze angechagua zana ipi na angeijaza vipi. Kila swali atakalouliza ni sentensi inayokosekana.

Ndiyo maana kazi hii isiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao. Anayejua kwamba saa tatu ya Mswahili si saa tatu ya Mwingereza ni Mswahili mwenyewe, naye anastahili kuwepo maelezo yanapoandikwa.