Mpiga picha yupi?

Leo tunawazungumzia wapiga picha, na tuanzie hapa hapa Msasani, maana rasi hii ina pande mbili na kila upande una mwanga wake.

Coco Beach inatazama mashariki. Jioni maharusi wakiipa bahari mgongo, jua linawapiga usoni: sura zinaonekana vizuri, ila macho yanafumba na jasho linaharibu poda. Upande wa pili, kule Slipway, jua linazama ng'ambo ya ghuba. Likiwa nyuma ya maharusi, asiyejua kazi anaondoka na vivuli viwili vyeusi. Anayejua anapiga flashi kidogo tu, gauni likabaki jeupe na anga likabaki na rangi yake.

Huyo ndiye wa harusi. Ratiba anaijua kuliko MC, kwa sababu akipitwa na pete, imempita.

Sasa mpeleke Uwanja wa Mkapa, Temeke, siku ya Simba na Yanga. Atahangaika! Mpiga picha wa michezo hukaa nyuma ya mstari wa goli na lenzi ndefu, akinasa tukio kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Akizidisha muda, mguu wa mfungaji unatoka kama ukungu. Wa chakula hana mbio hizo. Sahani moja ya pweza inaweza kumla asubuhi nzima. Na wale wa picha za pasipoti tunawadharau bure: kufuta kivuli nyuma ya masikio ndani ya kibanda kidogo si mchezo.

Wa habari ana hatari zake. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika, na kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzisha hapa Dar es Salaam mwaka 1963. Picha zake za njaa ya Ethiopia, mwaka 1984, ziliiamsha dunia ikachanga. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Aliwekewa wa bandia, akarudi kazini.

Kwa hiyo wewe mwenye shughuli, usianze kuuliza kamera. Omba albamu ya harusi moja nzima, toka nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini usiku. Picha kumi nzuri kila mtu anazo; ukumbi wenye taa za zambarau ndio unaomuumbua mtu. Na siku ya kukabidhiwa picha iandikwe kabla hujatoa kishika uchumba.