GG ni nani, na anatibu nini?

Ingia duka la dawa lolote mjini siku hizi, tazama nyuma ya kaunta, katikati ya vitamini na dawa za minyoo. Utaona viboksi vyenye picha ya tumbo bapa, jani la kijani, na maneno ya kuvutia kuhusu bakteria rafiki. Muuliza bei ataambiwa kwamba vinaondoa gesi, vinalainisha choo, vinakata kuhara, vinang'arisha ngozi na hata vinaleta usingizi. Dozi ya mwezi mmoja inaweza kumeza fedha ya unga na maharage ya nyumba nzima. Jioni hii nataka tumfuate bakteria mmoja tu kati ya hao, maana nimechoka kusikia wote wakisifiwa kwa mkupuo.

Anaitwa Lactobacillus rhamnosus GG. Tangu mwaka 2020 wanasayansi wamembadilishia jina la mwanzo, wanamwita Lacticaseibacillus, kwa hiyo usishangae ukikuta majina mawili kwenye viboksi viwili. GG ni herufi za majina ya Sherwood Gorbach na Barry Goldin, Wamarekani waliompata mwaka 1983 kutoka utumbo wa mtu mwenye afya njema. Walikuwa wanatafuta bakteria atakayevuka tindikali ya tumboni akiwa hai, astahimili nyongo, kisha ajishikize kwenye ukuta wa utumbo. Huyu akaweza yote. Akawekewa hataza, mwaka 1990 Wafini wakaanza kumuuza ndani ya maziwa, na tangu hapo ni wachache waliochunguzwa kama yeye. Kama kuna bakteria wa dukani anayestahili kusikilizwa utetezi wake, basi ni GG.

Haya, tumsikilize. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watoto 971, wa miezi mitatu hadi miaka minne, waliofikishwa hospitali 10 za Marekani wakiwa wameshikwa na tumbo la kuhara na kutapika. Kwa kura, baadhi walipewa GG mara mbili kwa siku kwa siku tano, wengine wakapewa unga usio na kitu, na si mzazi wala daktari aliyejua nani kapewa nini. Waliopewa GG waliendelea kuhara kwa muda wa kati wa saa 49.7. Waliopewa unga mtupu, saa 50.9. Yaani GG aliokoa saa moja na dakika chache, kiasi ambacho kitakwimu hakihesabiki kuwa tofauti. Toleo hilohilo lilikuwa na utafiti wa Canada uliotumia bakteria wengine, na jibu likawa lilelile.

Najua utasema watoto wa Marekani si watoto wa Tandale wala wa Kibera. Ni hoja ya haki. Vimelea vinavyowaharisha wetu vinaweza kuwa vingine, na lishe ni nyingine. Ila mimi nalitazama jambo hili kwenye pochi ya mama aliyesimama pale kaunta na mtoto mgongoni, macho ya mtoto yameingia ndani, midomo imekauka. Ana elfu chache mkononi. Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari ya kuyeyusha kwenye maji, ni shilingi mia kadhaa. Vidonge vya zinki navyo si ghali, na mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mtoto anayehara apewe miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi sita apewe nusu ya hapo. Kinachomuua mtoto anayehara mara nyingi ni kukaukiwa maji na chumvi, na hakuna bakteria wa kapsuli anayerudisha maji. Muuzaji anayeanza na kiboksi cha bakteria, kisha akataja ORS mwishoni kama fedha itabaki, anafanya kosa kubwa, hata kama kosa hilo linamletea faida.

Kuna mahali GG anasimama kwa miguu yake, na tusimnyime. Mtoto akipewa antibayotiki, tuseme ya masikio au kifua, dawa haichagui. Inaua vimelea vya ugonjwa na inafyeka pia bakteria wenyeji wa utumboni, ndiyo maana wengi huanza kuhara katikati ya dozi. Mwaka 2019 wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti 33 za watoto zaidi ya 6,000. Kati ya waliopewa probayotiki, yaani vijidudu rafiki vya kumeza, pamoja na antibayotiki, asilimia 8 walihara, na kati ya ambao hawakupewa, asilimia 19. Waliofanya vizuri kuliko wengine ni GG na Saccharomyces boulardii, ambaye hata bakteria si bakteria: ni hamira, na kwa kuwa ni hamira antibayotiki haimgusi. Lakini GG, antibayotiki inamgusa, kwa hiyo wafamasia hushauri aachanishwe na dawa kwa saa mbili au zaidi. Hilo nalo muuzaji akuambie.

Kwa gesi na choo kigumu cha mtu mzima asiye na ugonjwa, sioni sababu ya kutoa fedha. GG hahamii tumboni. Ukiacha kummeza, baada ya wiki chache huwa hapatikani tena kwenye choo, maana wenyeji wa utumbo hawamwachii nafasi. Na wenyeji hao chakula chao ni makapi ya mimea ambayo sisi hatuwezi kuyasaga: maharage, kunde, mchicha, dona. Watafiti waliochunguza utumbo wa Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi, wakachapisha mwaka 2014, hawakuwakuta kwa watu wazima bakteria wa jamii ya Bifidobacterium, walewale wanaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye viboksi. Lakini walikuta aina nyingi za bakteria kuliko walizoziona kwa Waitaliano waliolinganishwa nao. Wahadzabe wanakula mizizi, ubuyu, matunda ya porini na asali. Hakuna aliyewauzia kapsuli.

Hataza ya GG ilipokwisha, Waholanzi wawili, Remco Kort na Wilbert Sybesma, walimchukua bakteria yuleyule, wakampa jina la yoba 2012, wakamfunga kwenye pakiti ya gramu moja pamoja na bakteria mwingine wa kugandisha maziwa. Pakiti hiyo moja inatosha lita 100 za maziwa. Uganda ndiko ilikoshika zaidi. Wasindikaji wadogo wanachemsha maziwa, wanayaacha yapoe hadi nyuzi 45 hivi, wanakoroga unga ule, wanafunika, na kesho yake asubuhi sufuria imeganda. Sisemi mtindi huo unatibu. Nasema kikombe chake kina GG hai kwa bei ya mtindi, na pia kina protini na kalsiamu ambazo kapsuli haina, na mfugaji ameuza maziwa yake.

Kwa anayeshikilia kununua kiboksi, akigeuze asome nyuma. Jina likiishia Lactobacillus peke yake, au rhamnosus peke yake bila herufi au namba za mwisho, hujui umenunua nani, kwani tafiti zote nilizotaja zilihusu aina maalumu, na ndugu wa GG si GG. Tazama kama idadi ya bakteria hai ni ya siku ya kutengenezwa au ya siku ya kwisha muda. Kiboksi kilichokaa kwenye vumbi na jua la Dar es Salaam huenda kimebeba maiti. Na kichanga njiti asipewe kitu hiki nyumbani hata kidogo. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kichanga wa aina hiyo kufariki kwa maambukizi ya bakteria aliyetoka kwenye probayotiki. Mtu ambaye kinga yake imeshuka naye amuulize daktari wake kwanza.

Hapa Tanzania dawa zinasimamiwa na TMDA, na tangu mwaka 2019 vyakula viko chini ya TBS. Mnunuzi haoni mpaka huo. Yeye anaona rafu moja, kaunta moja, koti jeupe moja. Ombi langu kwa taasisi hizo mbili ni dogo: kila kiboksi cha bakteria kiandikwe, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, jina kamili la bakteria hadi herufi ya mwisho, idadi yao siku ya kwisha muda, na ugonjwa gani hasa wamethibitika kuusaidia. Kama hakuna ugonjwa wowote, basi mstari huo ubaki wazi, mnunuzi auone.