Bei ya mzigo isemwe mbele ya mwenye mzigo
Hotuba ya kamati mbele ya mkutano wa wamemba, Shari, Bunia



Leo hatutasema juu ya mashamba. Tutasema juu ya lori letu, maana wengi mumetuuliza: "Lori inatembea kila juma, feza iko wapi?" Swali hilo ni la haki.

Munajua barabara ya Kasenyi. Wengi wetu tuliipita mbio mwaka 2018, tukavuka Ziwa Albert mpaka Uganda, wengine wakafika kambi ya Kyangwali. Leo tunaipita na magunia. Ukitoka Bunia unafika Bogoro, kisha unateremka mlima mpaka ziwani. Kuteremka kunakula breki, kupanda na mzigo kunakula mazutu. Lakini komisionere pale parkingi anahesabu kilometa tu. "Ni hapa karibu, kilometa 50." Ndiyo, ni 50. Mlima yeye haupandi.

Sasa musikilize safari moja. Tulipakia magunia 70 ya samaki wa chumvi na mihogo. Komisionere alitupatia dola 3 kwa gunia, tukapata 210. Mazutu yalikula 75, bariere na taksi 45, wapakiaji 20, shofere na konvoyere 40. Ikabakia 30. Pale kwenye kona za mlima lamu ya resori ikavunjika, fundi akaomba 60. Zile 30 zilizopunguka tulizitoa wapi? Katika sanduku la misiba na magonjwa. Juma lile mama mmoja wa kwetu alikuwa hospitali, akangoja siku tatu mbele ya kupata msaada wake. Tunawaomba radhi wote, na yeye wa kwanza.

Kumbe siku ya likelemba, mama mwingine, muuza samaki, akalalamika kwamba usafiri umepanda, analipa dola 5 kwa gunia. Tukamuuliza: "Mama, ulipakia kwa lori gani?" Akasema: "Si ile yenu!" Watu walicheka, lakini sisi wa kamati hatukucheka. Dola 2 kwa kila gunia, mara 70, ni 140. Mama alilia bei iko juu, shofere wetu alilia bei iko chini, na wote wawili wako memba wa shirika moja.

Hatusemi komisionere ni mwizi. Anakaa juani toka asubuhi, anajua nani iko na mzigo, anapiga simu kwa feza yake. Anastahili kulipwa. Tunachokataa ni bei mbili. Angechukua 10 kwa mia ya bei ya kweli, safari ile angepata dola 35 mbele ya macho ya wote, na lori lingebakia na 315. Hata tukitoa matumizi na ile resori, 75 zingeingia sandukuni.

Njo maana tunaomba shofere wetu, na wamemba wenye malori yao wenyewe, wasikubali bei mbele ya kuongea na mwenye mzigo, hata kwa simu. Komisionere akikataa kutoa namba yake, hapo umekwisha kuelewa. Ujue pia bei yako ya chini mbele ya kufika parkingi. Kwa Kasenyi, sisi tukipewa chini ya dola 4 tunaacha. Atakuambia: "Utarudi bule, afazali hii kidogo." Neno hilo limeua malori mengi. Kurudi bule kunapoteza mazutu, ndiyo, lakini lori tupu linapanda mlima bila kuvunjika. Na siku za kungoja zihesabiwe: mvua ikifunga njia, ao bariere ikichelewesha siku mbili, shofere anakula nini?

Kuna sheria pia. Inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, ule muungano wa inchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara. Sheria yake ya kusafirisha mizigo kwa barabara, ya mwaka 2003, inasema bei inalipwa mbele ya kutoa mzigo, isipokuwa karatasi ya mzigo imesema vingine. Tena msafirishaji iko na haki ya kushika mzigo mpaka alipwe. Karatasi hiyo Kifaransa kinaiita lettre de voiture. Si lazima iwe na mihuri kumi. Andika jina la mwenye mzigo, magunia mangapi, yanatoka wapi, yanakwenda wapi, bei, na nani atalipa. Tumechapa vijitabu vyake; feza ya karatasi ilitoka kwa wafadhili, asanti.

Tunajua hatari iko. Makomisionere wanaweza kutunyima mizigo mwezi mzima, na lori likilala, sanduku litaumia tena. Njo maana hatukutaka kamati ikate neno peke yake. Wamama wa samaki wamekwisha kusema watapakia kwetu kwa dola 4 na nusu kama tunafika kila siku ya ine bila kukosa. Ni ahadi ngumu kwa lori moja la zamani. Wanaokubali tujaribu miezi mitatu, wainue mukono. Wanaokataa nao waseme leo, hapa, mbele ya shofere.