FOMU YA MASAA NA NIA YA MOYO



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mliofuatana nao, futari imekaribia, kwa hivyo sitawachosha. Nataka tuzungumze juu ya ile karatasi mnayotembea nayo: fomu ya huduma kwa jamii.

Wengi wenu mnasoma katika vyuo vya barabara hii yetu. Kuna Mount Kenya University hapa Thika, Zetech kule Ruiru, na ukikaribia Nairobi kuna USIU, ambako huduma kwa jamii ni somo la lazima kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Unatafuta shule, makao ya watoto au kikundi cha mazingira, unafanya kazi bila malipo, na masaa yanahesabiwa.

Vijana huniuliza, "Ustadh, kitu nimelazimishwa, thawabu itatoka wapi?" Swali zuri. Basi nami nikuulize: saumu ya leo si umefaradhishiwa? Mbona unatarajia thawabu? Kulazimishwa hakufuti malipo. Kinachopima amali ni nia, na hadithi ya nia ndiyo Imam Bukhari aliyoitanguliza katika kitabu chake.

Sasa nikiri kosa langu. Mwaka mmoja kijana aliniletea fomu nimtilie sahihi. Alikuwa amekuja kufundisha watoto wetu hesabu mara mbili tu, lakini fomu ilidai wiki nane. Alinisihi, "Ustadh, nisaidie, nitakosa kumaliza chuo." Nikamwonea huruma, nikatia sahihi. Jumamosi iliyofuata mtoto mmoja alikuja na daftari lake, akaketi, akangoja. Kisha akaniuliza, "Mwalimu wa hesabu atarudi lini?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumeshuhudia uongo, mimi na yule kijana, na aliyedhulumiwa ni mtoto yule. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyeacha maneno ya uongo, Allah hana haja na njaa yake. Tangu siku hiyo sitii sahihi saa ambayo haikufanywa. Msinikasirikie.

Na mazingira je? Msidhani ni jambo la mhadhiri peke yake. Kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Apandaye mti, akila ndege au mtu, ni sadaka yake. Tazameni mito yetu: maji ya Chania na Thika huingia Tana, maji ya Ruiru huishia mto Athi, na yote hufika Bahari ya Hindi. Chupa unayoitupa hapa yaweza kumfikia mvuvi wa Kipini au Malindi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka. Lakini tazameni nyuma ya msikiti baada ya futari! Vikombe na chupa vimetapakaa, mabaki ya ugali na maganda ya ndizi yamechanganyika navyo.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, leo baada ya Magharibi tuweke mapipa mawili, la mabaki ya chakula na la plastiki. Pili, kabla ya kwenda kwenye huduma yako, tia nia, na ukiahidi watoto wiki nane, timiza nane. Tatu, fomu ikishajaa, rudi angalau siku moja baada ya Idi. Siku hiyo hakuna mhadhiri wa kuhesabu. Hiyo ndiyo utakayoijua ni ya Allah.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani msimuulize tu, "Umepata sahihi?" Muulizeni, "Umemsaidia nani?"

Allah atutakabalie saumu zetu na atusamehe sahihi zetu za uongo. Amin.

Wabillahi tawfiq.