Baharia Aliyefundisha Askari wa Unguja



Huenda mtu wa Gisenyi akauliza kwa nini hapa, ukingoni mwa Ziwa Kivu, atajwe baharia wa Bahari ya Hindi. Jawabu ni hili: Kiswahili na Uislamu vilifika Rwanda pamoja na wafanya biashara na askari waliofuata njia za pwani, na njia hizo zilikwisha kupitisha pembe na mateka hata Unguja. Mlangoni pake, upande wa bahari, alisimama Lloyd William Mathews.

Alizaliwa Funchal, kisiwani Madeira, mwaka 1850, akaingia jeshi la maji la Uingereza angali mtoto. Mwaka 1875 aliletwa Unguja katika manowari London, iliyokuwa imetia nanga bandarini kuwa kituo cha mashua za doria. Sayyid Barghash alikuwa amekwisha kukataza, mwaka 1873, kusafirisha watumwa baharini. Lakini amri ni karatasi, na majahazi yalipita usiku.

Mwaka 1877 alitakiwa kumwundia Sayyid jeshi jipya. Alianza na watu 300 akiwafundisha kwata na shabaha. Kufika 1880 walikuwa yapata 1,300. Si jambo dogo kwa mtu aliyelelewa juu ya sitaha ya meli. Mwaka 1881 akastaafu jeshi la maji, akabaki katika utumishi wa Sultani kwa cheo cha Brigedia Jenerali.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, karibu na Pemba, mkuu wa London, Kapteni Brownrigg, alilisogelea jahazi lenye bendera ya Kifaransa. Bendera hiyo ilizuia Waingereza kupekua shehena. Aliloweza ni kuuliza hati tu. Ndani mlikuwamo watumwa. Hindi bin Hattam na wenziwe wakafyatua bunduki, Brownrigg akafa. Mathews akavuka Pemba na askari wake. Yakawa mapigano, na Hindi akakamatwa akiwa na majeraha. Waliomshika ni wale wale waliofundishwa kwata mjini Unguja.

Lakini ilimu ya bunduki haimchagulii mtu adui. Mwaka 1891 Mathews akawa Waziri wa Kwanza. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokwisha kujitia katika jumba la enzi, askari wa Mathews walikuwa upande wa manowari za Kiingereza, zilizolipiga jumba hilo kwa muda usiotimia saa moja. Watu wa Khalid waliouawa au kujeruhiwa walikadiriwa kuwa 500.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri kwamba mahakama zisitambue tena utumwa. Masuria hawakuingizwa, wao walingoja hata 1909. Mathews alikuwa kaburini Unguja tangu Oktoba 1901.