Tujihadhari na Dhana: Huenda Tunayemsema Ndiye Anayetulisha

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, nasaha yetu ya leo inahusu dhana mbaya. Haya ni maradhi yanayoingia moyoni kimya kimya, wala hayamwachi mtu kwa wingi wa swala zake.

Katika mji wa Madina, baada ya zama za Mtume (S.A.W.), aliishi Ali bin Husein, mjukuu wa Sayyidna Ali (R.A.), maarufu kwa lakabu ya Zainul-Abidin. Wanachuoni wa tarekhe, akiwemo Imamu Dhahabi, wamepokea kwamba watu walimhesabu kuwa ni bakhili, kwani sadaka yake haikuonekana. Katika mji huo huo zilikuwapo nyumba za mafukara zilizoletewa chakula usiku, na wenyewe hawakujua kinatoka kwa nani. Alipofariki, mwaka 94 Hijria kwa kauli iliyo mashuhuri, chakula kile kikakatika. Mgongoni mwake zikakutwa alama za mizigo aliyokuwa akiwabebea masikini usiku. Ikabainika kuwa alikuwa akizilisha nyumba 100.

Zingatieni, ndugu zangu. Mgeni wa usiku asiyejulikana na “bakhili” wa mchana walikuwa mtu mmoja. Huenda miongoni mwa waliomsema walikuwamo waliolala wameshiba kwa mkono wake. Na ukweli ulipodhihiri, aliyestahiki kuombwa radhi alikwishafariki.

Hata zama za Mtume (S.A.W.) wanafiki walifanya mfano wa hayo. Watu walipohimizwa kutoa sadaka, Abu Aqil (R.A.) alileta nusu pishi ya chakula. Wakasema Allah hana haja na kitu kidogo kama hicho. Akaja mwingine na mali nyingi, wakasema anataka kuonekana. Aliyetoa kidogo hakusalimika, wala aliyetoa kingi. Hapo ikateremka aya ya 79 ya Suratut-Tawba kuwakemea.

Na katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) anatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, kisha anakataza upelelezi, kisha kusengenya. Tazameni mpangilio huo. Anayedhani hutafuta ushahidi wa dhana yake, na akidhani ameupata, huutangaza.

Sasa tujitazame sisi tunaodai kuhuisha Sunna. Anaingia msikitini mgeni aliyevaa suruali yenye vumbi, hana kofia, anakaa safu ya mwisho. Kabla ya kumjibu salamu tumekwishaangalia anavyofunga mikono, na tumekwishaamua kuwa si mwenzetu. Je, tuna uhakika gani kwamba si yeye atakayelipa ada ya yatima wa madrasa yetu bila kutaja jina? Na hata asipotoa senti, haki yake ya kuitikiwa salamu na kukirimiwa iko pale pale. Mgeni hakirimiwi kwa kutarajiwa mfuko wake.

Isifahamike kwamba dhana njema inaondoa hadhari. Aya ya deni, Suratul-Baqara 282, imetuamrisha kuandika na kushuhudisha. Basi mali ya msikiti ihesabiwe na amana zikaguliwe, awe mwenyeji au mgeni. Kukagua hesabu ni wajibu wa kamati. Kuhukumu nyoyo si kazi ya yeyote kati yetu.

Kwa hiyo, nausia nafsi yangu na nyinyi mambo matatu. Kwanza, tumsalimu mgeni kabla ya kumchunguza. Pili, tukisikia neno baya juu ya Muislamu, tumtafutie udhuru wala tusilipeleke mbele. Tatu, aliyemsema mwenzake kwa dhana amwendee leo, angali hai.

Tunamuomba Allah azitakase nyoyo zetu na dhana mbaya, na azikubali sadaka zetu za siri na za dhahiri. Aamin.

Wabillahi tawfiq.